Chumba Chetu, Funguo Zake

Mimi ni mtoto wa mjini. Nimezaliwa mtaa wa Gerezani, nimekulia Gerezani, na nilipoolewa, miaka ile ya hamsini, nilihamia Kariakoo, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwa mama yangu. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyonipata yalinipata kwa ushamba. Maisha ya kupanga nilikuwa nayajua. Nilijua choo cha kushirikiana, kamba moja ya kuanikia nguo, zamu ya kufagia uani. Nilijua kwamba ukikaanga samaki, nyumba nzima inajua leo mmekula samaki. Hayo hayakunikera wakati ule na hayanikeri leo. Kilichonikera ni kingine, na mpaka sasa nikikikumbuka inabidi niweke chini kile nilichoshika.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya soko, katika mtaa ambao asubuhi huwezi kupita kwa mikokoteni na magunia ya nazi. Ilikuwa ya mtindo ule unaojulikana: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kuta za miti na udongo zilizopakwa chokaa, paa la bati. Kuta za kugawa vyumba hazikufika juu. Ziliishia pale ambapo mtu akisimama juu ya kitanda angeweza kuweka kiwiko, kwa hiyo jirani akiwasha taa yake, mwanga ulicheza kwenye bati letu. Tulijifunza kunong'ona. Mke na mume waliokuwa na neno zito la kuambiana walivaa viatu wakatoka, wakaenda kuambiana uwanjani Mnazi Mmoja.

Mume wangu alikuwa seremala katika karakana ya samani na milango. Mtu mpole, mtu wa maneno machache, ambaye akikasirika hunyamaza zaidi. Wiki tuliyohamia alipigilia wavu wa waya dirishani, kwa sababu siku zile Kariakoo kulikuwa na wezi wanaotumia fimbo ndefu yenye ndoana. Mwizi anasimama nje barabarani, anapitisha fimbo kati ya nondo, na shati lako linatoka kama samaki. Jirani zetu wawili walikuwa wamekwisha kuibiwa hivyo. Basi tukaweka wavu, tukaona tumemaliza. Dirisha limezibwa, mlango una kitasa, tulale.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye mwili na heshima zake. Alikaa chumba cha mbele, karibu na baraza, na funguo za nyumba nzima alizifunga kwenye utepe kiunoni, ndani ya kanga. Kila chumba kilikuwa na ufunguo wa mpangaji, na ufunguo wa pili alikuwa nao yeye. Siku tunaingia alituambia:

"Huu wangu ni wa dharura tu, wanangu. Moto ukitokea je, na nyie hampo?"

Tukaona ni sawa. Nani angekataa? Moto ulikuwa unatokea.

Kwa muda mrefu sikuona kitu. Kisha nikaanza kuona vitu vidogo ambavyo mtu anaona aibu kuvitaja. Kanga zangu mimi nazikunja pindo ndani, ndivyo mama alivyonifundisha, na siku moja nikakuta moja imekunjwa pindo nje. Sanduku langu la bati, lililokaa chini ya kitanda, nikalikuta limegeuzwa, kitasa kimetazama ukutani. Mara nyingine nikiingia nilisikia harufu ya karafuu, na mimi karafuu sikuwa natumia. Nikajiambia labda ni mimi mwenyewe niliyesahau. Hakuna kilichopotea. Hata kama ungeniuliza unalalamikia nini, nisingekuwa na la kujibu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sijapenda kulisema maishani, na ambalo ndilo shina la hasira yangu. Nilikuwa nimekwisha kuharibikiwa na mimba mbili. Zote mbili zilitoka mapema, kabla mtu hajaziona, na zote mbili nilizilia mimi na mume wangu, ndani ya chumba kile, kwa kunong'ona. Mama yangu aliijua moja tu. Nilipopata ya tatu tukaafikiana kwamba safari hii hatumwambii mtu yeyote, mama wala dada wala shoga, mpaka tumbo lenyewe litakapojisema. Haikuwa ushirikina. Nilikuwa nimechoka kutazamwa tumboni.

Lakini mikono haitaki kukaa bure. Nilinunua kipande cha marikani laini, nikakaa chumbani mchana mume wangu akiwa kazini, nikashona vishati vya mtoto. Nilivishona kwa mkono, mshono mdogo kabisa. Hata mume wangu sikumwonyesha. Nilivikunja, nikaviweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga zangu za harusi, na kila nikifunga sanduku nilihisi kama nimekula kiapo.

Asubuhi moja nilikwenda sokoni kununua bamia na nazi. Nimeinama nachagua bamia, mama mmoja wa nyumba ya ng'ambo ya barabara akanishika bega. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hongera. Mungu atakusimamia." Akainama karibu na sikio langu, lakini sauti hakuipunguza. "Ila vile vishati, mwanangu. Mapema yote hii? Si vizuri kumshonea mtoto ambaye hajafika."

Muuza bamia aliinua macho akanitazama tumboni. Nakumbuka macho yake yalivyoshuka, yakapanda, yakarudi kwenye bamia zake. Nilisema ahsante. Nilisema ahsante kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, mtu mzima akisema nawe unaitikia. Nililipa, nikaondoka, na nilipofika kwenye kona ya maduka ya vitunguu nikasimama jua kali, kikapu mkononi, watu wananipita na kunisukuma. Vile vishati havikuwa habari ya kusikika ukutani. Sauti haivuki ukuta ikasema kitambaa kimeshonwa nini. Mtu alifungua mlango wangu, akavuta sanduku langu, akalifungua, akaondoa kanga zangu za harusi moja baada ya nyingine, akafika chini.

Jioni nilimchukua mume wangu tukaenda kutembea. Nilimweleza. Akaniuliza:

"Umeshona vishati?"

Hivyo ndivyo mume wangu alivyopata habari ya vishati vya mwanawe. Baada ya mama wa ng'ambo. Baada ya muuza bamia. Kwa hili peke yake sijui kama kuna adhabu inayotosha.

Yeye alisema tuwe na subira, hatujamwona mtu, hatuwezi kumtaja mtu. Mimi nilikwisha kumjua mtu kwa harufu yake ya karafuu, maana nyumbani mle ni mmoja tu aliyenukia hivyo, lakini nilikubali kusubiri.

Sikusubiri sana. Tulikuwa na jirani wa chumba cha pili, mke wa mfanyabiashara wa vitunguu, Mchaga, watu wa kanisani, mama mwenye kusema neno lake mara moja na kuliacha. Siku hiyo tuliondoka naye asubuhi kwenda Feri kununua samaki. Hatujafika mbali, ukanda wa kiatu changu ukakatika. Nikamwambia anisubiri, nirudi nikabadilishe. Nilipoingia ukumbini niliona mlango wa chumba chetu umerudishwa tu, haukufungwa.

Nilisukuma. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kitandani kwangu. Sanduku liko wazi miguuni pake, kanga zangu zimepangwa pembeni kwa adabu kabisa, na kishati kimoja amekitandaza juu ya goti lake, anakipapasa kwa kidole kufuata mshono. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Angeshtuka, angedondosha kitu, angesema uongo wowote, labda hasira yangu ingepata mahali pa kushika.

"Umerudi?" aliniuliza. "Mshono wako mzuri, mwanangu. Lakini hapa kwapani umebana."

"Bibi, unafanya nini chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako." Aliyarudia maneno yangu kama mtu anayeonja mchuzi. "Nyumba hii alinijengea marehemu mume wangu. Kila mti ulio ukutani humu nilikuwapo ukichimbiwa. Siwezi kuingia chumba cha nyumba yangu?"

"Na sanduku? Sanduku nalo ni la marehemu?"

Hapo ndipo alipokunja uso. Akasema mimi mtoto sina adabu. Akasema zamani aliwahi kukaa na mpangaji kijana mtanashati, kumbe uvunguni kaficha mali ya wizi, na askari walipokuja walimkokota yeye mwenye nyumba, mbele za watu, kanga imemdondoka kichwani. Tangu siku hiyo, alisema, hakai na kitu ndani ya nyumba yake ambacho hakijui.

"Nawalinda," alisema. "Nyie mnatoka mnaniachia nyumba. Nani anayewalinda?"

Nadhani aliyaamini maneno hayo. Nimeyafikiria miaka mingi, na naona aliyaamini. Askari walimtendea vibaya, na mimi nisingependa mama yeyote atendewe vile. Lakini vishati havikuwa mali ya wizi. Na hata kama alitafuta mali ya wizi, alipovikuta vishati angeweza kuvirudisha na kufunga mdomo wake. Yeye alivikunjua, akavihesabu, akaenda barazani akavitangaza.

Nilimwambia atoke. Alitoka taratibu, akaacha kishati kitandani, na mlangoni akageuka akasema, "Utajifungua salama, mimi nakuombea." Nilikaa chini sakafuni. Jirani yangu aliponiona sirudi akanifuata. Nilimweleza yote, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, nikitaka kusikika mpaka chumba cha mbele.

Jirani yule alinisikiliza huku amesimama. Kisha akasema:

"Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi nini?"

"Mwaka jana wanawake walinicheka bombani. Wakasema kwangu kuna mkeka unatandikwa chini usiku, mume wangu halali kitandani. Ilikuwa kweli, tulikuwa tumekosana. Lakini mkeka nilikuwa naukunja asubuhi naufutika nyuma ya kabati. Nikasema, nani anajua? Ukuta ninaopakana nao ni wenu. Nikasema ni huyu bibi harusi, anasimama kitandani anachungulia." Akatikisa kichwa. "Mwaka mzima nakuamkia kwa mdomo tu."

Basi nikazidi kuwaka. Mama yule alituchukulia siri zetu, na juu ya hapo alitufanya sisi wapangaji tutazamane kama wezi. Nikakumbuka mara ngapi jirani huyu alinijibu salamu bila kunitazama, nami nikadhani ni majivuno ya watu wa Kilimanjaro. Kumbe kila mlango katika nyumba ile ulikuwa na kisa chake, na kila mmoja wetu alimshuku aliye karibu naye.

Mchana uleule nilikwenda dukani kwa Mwarabu wa vyuma, karibu na soko, nikanunua kufuli na tumbuu, kile chuma cha mlangoni cha kulipitishia. Mwarabu alinifungulia kadhaa nichague. Aliniuliza ni kwa ajili ya nini, kama anavyomuuliza kila mteja, nami nikamjibu ni kwa ajili ya mlango. Hakuuliza zaidi. Nilimpenda kwa hilo.

Mume wangu alipigilia tumbuu jioni. Asubuhi nilifunga kufuli, nikatia ufunguo kifuani, nikaenda kwa mama yangu. Niliporudi tumbuu limeng'olewa. Misumari ilitawanyika kizingitini, na kufuli likiwa limefungwa bado lilining'inia kwenye kipande cha chuma kilichopinda. Mwenye nyumba alikuwa barazani na mpwa wake, mwanamume mzima mwenye mabega, ameshika nyundo bila hata kuificha.

"Hakuna kufuli la mtu kwenye mlango wangu," alisema mama yule. "Usipopenda, mji ni mkubwa."

Mume wangu alisema tumpeleke kwa mzee wa mtaa. Huyu alikuwa mtu wa kusuluhisha magomvi, hukaa barazani kwake alasiri na wazee wenzake, kahawa inapita. Tulikwenda: mimi, mume wangu, jirani yangu ambaye alikubali kusema yake ijapokuwa mumewe alimkataza, na mwenye nyumba na mpwa wake. Mzee alitusikiliza kwa utulivu. Nilisema yote isipokuwa mimba. Nilisema "vitu vyangu vya ndani". Wazee walitazamana, na mmoja akatabasamu, kwa hiyo nikajua hata pale habari ilikwisha kufika.

Mzee akaniuliza:

"Kimeibiwa nini?"

"Hakikuibiwa kitu, mzee."

"Kimevunjwa kitu chako?"

"Hapana. Tumbuu tu."

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Sasa, mwanangu, shauri liko wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi sana, na hakuna hata moja lililokaa mahali pale. Ningesema nini mbele ya wazee wenye vikombe vya kahawa mkononi? Kwamba nimeguswa? Hakunigusa. Jirani yangu alianza kueleza habari ya mkeka, wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka tu kama wanaume wanavyocheka, naye akaikata hadithi, akavuta mtandio wake. Sijapata kuona mtu akifungwa mdomo kwa upole namna ile.

Mzee akatoa hukumu. Mwenye nyumba asiingie chumbani bila sababu, alisema, lakini sababu anaijua yeye. Kodi ni ya chumba, mlango ni mali ya mwenye nyumba, na mtu hafungi kufuli lake kwenye mlango wa mwenziwe. Tupeane mikono. Tulipeana. Mkono wa mama yule ulikuwa laini na wenye joto, unanukia karafuu.

Njia nzima ya kurudi nilimsema mume wangu. Nilimwambia yeye ni mwanamume gani, mke wake anavuliwa nguo mtaa mzima naye anapeana mikono. Nilisema maneno ambayo siyafuti. Alikuwa anatembea kichwa chini. Tulipofika mlangoni alisimama, akaupapasa ule mlango juu mpaka chini, akagusa bawaba, akapima kwa shubiri. Kisha akaingia akala, akalala.

Siku zilizofuata alichelewa kurudi. Jumapili moja, asubuhi kweupe, watu wote wako nyumbani, mkokoteni ulisimama mbele ya baraza. Juu yake kulikuwa na mlango. Ulikuwa wa mbao za makasha ya bandarini, zile zinazofungiwa mizigo ya melini, lakini alikuwa amezipiga randa mpaka zikawa kama zimeota pamoja, na ulikuwa na kitasa chake kipya na komeo la ndani.

Hakusema na mtu. Alikunja mikono ya shati, akachukua bisibisi, akafungua bawaba za mlango wa zamani moja moja, skrubu akizitia mfukoni. Wapangaji walitoka. Watu wa nyumba za jirani walikuja wakasimama barabarani. Aliubeba mlango ule mgongoni, akaupitisha ukumbini, akauegemeza ukutani barazani, mbele ya mwenye nyumba aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wake. Akazitoa skrubu mfukoni, akazipanga juu ya kizingiti.

"Shikamoo, mama. Mzee amesema mlango ni mali yako. Huu hapa. Hauna mkwaruzo."

Mwenye nyumba alitazama mlango, akamtazama yeye.

"Na fremu?" aliuliza. "Fremu nayo si yangu?"

"Fremu yako, mama. Nimeiacha kama nilivyoikuta. Bawaba zangu nitazitia kwenye matundu yaleyale."

Mtu mmoja barabarani akacheka, wakafuatia wengine, na safari hii waliocheka walikuwa upande wangu. Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo, nikiri. Lakini nilimtazama mume wangu akirudi ndani kuupachika mlango wetu, jasho limemlowesha mgongo, nikawaza: mtu mzima anafanya kazi mchana kutwa akitengeneza milango ya watu wengine, halafu anakesha kutengeneza wa kwake, ili tu mkewe aweze kukunja nguo zake bila kukunjuliwa. Ndiyo haki hiyo? Ilitupasa tuipate kwa bisibisi?

Mwenye nyumba alijibu siku ileile kwa sauti ya kusikika na wote. Mwezi ukiisha tuhame.

Hatukufika mwisho wa mwezi kwa amani. Ilikuwa mchana, naosha vyombo uani, maumivu yakanishika kiunoni, yale ninayoyajua. Jirani yangu Mchaga ndiye aliyeniinua, akasimamisha gari barabarani, akanipeleka hospitali, akakaa nami mpaka mume wangu alipokuja. Mimba ilitoka.

Sisemi kwamba mwenye nyumba aliitoa. Mkunga wa hospitali aliniambia ni jambo la mwili wangu, nami nilimwamini, na baadaye walinitibu. Wengine mtaani walisema ni kijicho, ni macho ya watu. Mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni hiki: mimba mbili za kwanza nilizilia kwa namna niliyotaka. Nililia, nikanawa uso, nikatoka nikapika, na hakuna mtaani aliyejua kwa nini macho yamevimba. Huzuni ile ilikuwa yangu. Ya tatu haikuwa yangu. Nilipotoka hospitali, watu walikuwa wamekwisha kukaa barazani. Walinipa pole kuanzia kwenye kona. Muuza bamia alinipa pole. Watoto walinitazama. Mama wa ng'ambo aliniletea uji, akanishika mkono, akasema, "Nilikwambia ile habari ya vishati." Alimaanisha mema. Nilitamani kumrushia bakuli.

Niliingia ndani nikafunga komeo. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilikuwa mahali ambapo mtu hawezi kuingia nisipotaka. Nilikuwa nimekaa kitandani nilipomsikia mwenye nyumba anakuja ukumbini. Mwendo wake niliujua, kandambili za mti zinavyogonga sakafu. Akasimama.

"Hodi," alisema.

Tangu niingie nyumba ile hakuwahi kulisema neno hilo mlangoni kwangu.

"Hodi, mwanangu. Nimekuja kukupa pole."

Niliweza kusikia anavyopumua. Chini ya mlango niliona kivuli cha miguu yake. Mume wangu alikuwa uani. Sote tunajua desturi: mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipokaribishwa huondoka bila kinyongo. Nilimsubiri aipige ya tatu. Nilitaka aipige.

"Hodi," alisema, chini chini kabisa.

Sikumkaribisha. Kandambili zikaondoka, taratibu, kurudi mbele. Wapo walioniambia baadaye kwamba nilimfanyia ukatili, mtu mzima kaja kunipa pole na mimi kumfungia. Hata mama yangu alisema hivyo. Labda mwenye nyumba alijuta, masikini. Labda alilia huko chumbani kwake. Sijui. Chumbani kwake sikuwahi kuingia.

Tulihamia Ilala, kwenye chumba cha nyumba ya mjomba wa mume wangu, tukaenda na mlango wetu juu ya mkokoteni, tukamwachia mwenye nyumba apigilie wake. Jirani yangu na mumewe walibaki, kwa sababu ni karibu na duka lao, ila vitu vyake vya maana alivihamishia dukani, akawa anakaa katika chumba chake kama abiria anayengoja meli. Tuliendelea kutembeleana. Hatukukosana tena.

Watoto nilipata, Mungu akipenda huchelewesha tu. Nilimwambia mama yangu pale tumbo lilipokuwa haliwezi kufichika chini ya buibui, akanuna, kisha akacheka.

Mwenye nyumba nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Miaka ilikuwa imepita, niko sokoni Kariakoo nanunua samaki mkavu, na yeye ameshikwa mkono na msichana, amekonda, macho yamefifia. Msichana alimnong'oneza mimi ni nani. Akageukia upande wangu, akanyoosha mkono.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Mzee wako?"

"Hajambo."

"Na watoto? Umejaliwa wangapi?"

Mkono wake bado ulikuwa hewani. Niliushika, maana ni mtu mzima na watu walikuwa wanatazama.

"Alhamdulillahi," nilisema.

"Wangapi, mwanangu? Wa kiume, wa kike?"

Nilimwachia mkono. Nikamgeukia muuza samaki, nikamwambia anifungie wale wa upande ule, wasio na mchanga, na nikaendelea kuchagua mpaka nikamsikia msichana akimwambia, "Twende, bibi, hajibu."